Eti "picha za sebuleni"

Wiki jana nilialikwa kwenye ufunguzi wa maonyesho fulani hapa Nairobi. Nianze na sambusa, kwa sababu zilikuwa tamu na mimi si mtu wa kukosa shukrani. Ukumbi mweupe kama wodi, taa ndogondogo za kuelekezea kila picha, bei zimefichwa ndani ya vile vimraba vyeusi vya kupiga picha kwa simu ili maskini asishtuke hadharani. Kisha kijana mmoja, kiatu bila soksi, akapewa kipaza sauti atueleze tulikotoka. Akasema kabla yao jiji hili halikuwa na galari za kweli. Kulikuwa na familia tu, zilizokuwa "zinauza picha sebuleni."

Watu wakacheka. Mimi pia nilitabasamu, Mungu anisamehe. Kinywa kilikuwa kimejaa.

Hasira yangu hukawia. Ilinipata nikiwa nimeshapanda matatu, kiti cha nyuma ya dereva, tunapanda Barabara ya Kiambu. Tulipokaribia Ridgeways nikakumbuka kwamba pale ndani, hatua chache tu kutoka lami, ndiko liliko jumba la sanaa la Paa ya Paa. Nikatamani nishuke, nirudi mjini, nimshike yule kijana mkono kama mtoto aliyepotea sokoni, nimlete aone. Sikushuka. Nilikuwa nimeshalipa nauli. Ndiyo maana unasoma haya.

Paa ya Paa ilianzishwa mwaka 1965. Wewe na mimi hatukuwa tumezaliwa, na kama ulikuwa umezaliwa, shikamoo.

Jina lenyewe ni utundu. Paa mnyama, na kupaa kwenda juu. Mwalimu wangu wa Kiswahili, mtu wa kalamu nyekundu, angeandika "paa anapaa" na kukukata alama mbili. Lakini mtu aliyelelewa na mashairi anajua kwamba "paa yapaa" inakubalika kabisa, na kuligawa neno hilo likawa vipande vitatu ni ujanja wa mchoraji tu, ili ulitamke huku ukijiuliza. Mimi huongeza maana ya tatu ambayo sidhani waanzilishi waliifikiria wakati huo: paa la nyumba. Nitaieleza.

Aliyeibeba kazi hiyo ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, chini ya Kilimanjaro, mwaka 1932. Alisomea uchoraji Makerere, kwenye shule ya sanaa aliyoianzisha Margaret Trowell. Na unajua shule hiyo ilianzia wapi, kwenye miaka ya 1930? Kwenye baraza ya nyumba ya Trowell. Si ukumbi, si kitivo. Baraza, mahali pa kuacha viatu. Shule ya sanaa iliyotutolea nusu ya wachoraji wa Afrika Mashariki ambao vitabu vinawataja ilianza nje kidogo ya sebule ya mtu. Kijana wetu hakutaja hilo.

Kabla ya Paa ya Paa, Njau alikuwa Chemchemi, kile kituo cha utamaduni alichokifungua hapa Nairobi mwaka 1963 Es'kia Mphahlele, mwandishi wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni. Chemchemi kilikuwa "taasisi" kwa maana ambayo kijana wetu angeipenda: mkurugenzi, ofisi, mfadhili wa ng'ambo. Mfadhili alikuwa lile shirika lililoitwa Congress for Cultural Freedom, na kabla muongo haujaisha dunia nzima ikajua kwamba nyuma ya shirika hilo kulikuwa na hela za majasusi wa Marekani, CIA. Mphahlele mwenyewe hakuwa jasusi wa mtu, na watu wengi walipata mwanga pale. Nasema tu kwamba mtu akinisifia taasisi "za kweli" mbele ya sebule za watu, huwa nauliza kwanza stima analipa nani. Chemchemi kilikauka. Paa ya Paa ikabaki.

Na haikuanza kama mali ya familia. Lilikuwa kundi: Jonathan Kariara mshairi, Terry Hirst mchoraji, Pheroze Nowrojee wakili, James Kangwana, Rebeka Njau mwandishi, ambaye wakati huo alikuwa mke wa Elimo. Waafrika, Mhindi, Mwingereza, miaka miwili tu baada ya uhuru, wakiwa na wazo kwamba Mwafrika anaweza kuwa na mahali pake pa kutundika picha bila kupitia mlango wa nyuma wa duka la watalii. Jumba la sanaa la Waafrika wenyewe lenye umri mkubwa kuliko hilo hulipati katika jiji hili. Halafu ikawa kama inavyokuwa kwa kila kikundi, hata chama cha mikopo: mmoja akapata kazi, mwingine akahama, mwingine akachoka. Wanaobaki ni wale ambao hawana mahali pengine pa kwenda kwa sababu wanalala hapo hapo. Wakabaki Elimo na Phillda, mke kutoka Marekani aliyeolewa na mtu na jengo kwa wakati mmoja. Kutoka katikati ya jiji wakahamia Ridgeways, kwenye uwanja wenye miti, na historia ya jumba ikawa historia ya nyumba.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Jumba la sanaa la familia halina saa za kufunga. Mchoraji anafika Jumapili saa moja jioni, ametoka Murang'a au Machakos, turubai imeviringishwa ndani ya gunia la sukari, hana nauli ya kurudi. Ukumbi mweupe ungemwambia atume picha kwa barua pepe. Nyumba inamwambia karibu, umekula? Mtu anawasha jiko. Mtu anatandika godoro. Mtu anaikunjua ile turubai juu ya meza ya chakula, anaweka sahani kwenye pembe ili isijikunje tena, na hapo, kati ya bakuli la sukuma na taa ya meza, ndipo picha inapoonwa kwa mara ya kwanza na mtu mwenye jicho. Huo ndio uteuzi wa kazi unaosomewa shahada siku hizi.

Na kazi hiyo yote ina mtu. Mara nyingi ni mke. Katalogi, pale ilipokuwepo, inamtaja mume, mwanzilishi, mwenye maono. Haimtaji aliyejua fundi gani wa fremu halewi kabla ya Ijumaa, aliyeficha kitabu cha madeni, aliyejibu barua za wenye nyumba kwa Kiingereza cha heshima huku akiomba mwezi mmoja zaidi. Haiwataji watoto waliohamishwa chumbani kwa sababu wageni wa maonyesho wanatoka mbali na lazima walale. Ukitaka kujua jumba kama hilo lilidumu vipi, iache orodha ya maonyesho, uliza vikombe vilikuwa vinaoshwa na nani.

Mwaka 1997 moto ukaiteketeza Paa ya Paa. Jengo, picha, vitabu. Ndipo maana yangu ya tatu ya jina inapoingia: paa lilianguka. Mtu mwenye akili za biashara angechukua hasara, akauza kiwanja (Barabara ya Kiambu, jamani, unajua bei za kule) na kwenda kustarehe. Taasisi ingeitisha kikao, ikatoa taarifa kwa vyombo vya habari, ikafungwa. Familia ilifanya nini? Ilibaki. Wakaendelea kupokea wageni na watoto wa shule kwenye uwanja ule ule. Ukienda unakumbana na lile onyo la Elimo kwamba usiige, kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilicheka. Sasa, baada ya kuona kuta nyeupe zile zile, taa zile zile na viatu bila soksi vile vile katika kila ufunguzi, sicheki tena.

Mtu ataniambia: lakini picha zenyewe ziko wapi? Panda gari uende Murang'a, kwenye lile kanisa kuu lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya vita vya Mau Mau. Ndani kuna michoro mitano mikubwa ya Njau ya miaka ya 1950, maisha ya Yesu tangu kuzaliwa hadi msalabani, na Yesu ni mweusi, na nchi inayomzunguka ni miinuko ile ile uliyoipita kwenye gari ukija. Nilipoenda, mlinzi aliniuliza kama nimekuja kuomba. Nikasema nimekuja kutazama ukuta. Akanitazama kwa huruma, kisha akaniambia nikae kiti cha upande wa kushoto, jua la saa nne linaingia vizuri zaidi. Mlinzi huyo anajua zaidi kuhusu kutundika taa kuliko wale niliokula sambusa zao.

Sasa tazama njia nyingine, maana kuna wanaosema sanaa isiachiwe familia, ikabidhiwe umma, ihifadhiwe na serikali. Sawa. Kulikuwa na mtu aliyeamini hivyo kwa moyo wote, na alikuwa makamu wa rais.

Joseph Murumbi alikaa kwenye kiti hicho miezi michache tu mwaka 1966, akajiuzulu, akaenda kufanya alichokipenda. Yeye na mkewe Sheila waliijaza nyumba yao ya Muthaiga vinyago, nguo, vito, stempu, vitabu kwa maelfu. Mapema kwenye miaka ya 1970, pamoja na Alan Donovan, akaanzisha African Heritage, duka na jumba la sanaa lililowafundisha watu wa jiji hili kwamba kazi kutoka Nigeria au Ethiopia inaweza kukaa ukutani hapa bila kuomba msamaha. Na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 akaiuzia serikali nyumba na mkusanyiko, akiwa na imani kwamba ile nyumba itakuwa taasisi ya masomo ya Afrika itakayobeba jina lake.  Akairithisha nchi.

Nyumba ilibomolewa.

Sitaongeza neno hapo. Murumbi alifariki mwaka 1990, akazikwa kando ya City Park, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mpigania uhuru. Vitu vyenyewe, tushukuru, vingi vipo: Nairobi Gallery, na ile hazina ya taifa ya nyaraka pale Moi Avenue. Nusu ya jiji hupatana "pale Archives" kila jioni, wanasimama nje wakimngoja mtu aliyesema amefika kumbe ndiyo kwanza yuko Ngara, na hawajawahi kuingia mlangoni. Ingia siku moja. Ukumbi wa chini una mali ya Murumbi, na unatembea kati ya vitu hivyo ukijua wazi kwamba vilichaguliwa na mtu mmoja na mke wake kwa ajili ya vyumba vya nyumba yao. Vinatafuta sebule yao.

Galari ya Watatu nayo? Ilianzishwa mwaka 1969 na wachoraji watatu, ndiyo maana ya jina. Katikati ya miaka ya 1980 ikawa mikononi mwa Ruth Schaffner, na yeye ndiye aliyewasukuma mbele kina Sane Wadu na Jak Katarikawe mpaka ng'ambo wakawajua. Alipofariki mwaka 1996 ikabaki kwa mumewe. Leo haipo. RaMoMA ilifunguliwa mwaka 2001 kwa shangwe zote za jumba la makumbusho la kisasa, na baada ya muongo mmoja tulikuwa tunaizungumzia kama jamaa aliyehamia Canada.

Haya, nikubali, maana najua mnanikunjia uso. Nyumba hizi zina matatizo yake. Fedha za picha na karo ya shule hukaa kwenye pochi moja, na wa kwanza kulipwa ni mwenye duka la mboga. Mikataba ni ya mdomo. Binamu yangu aliacha picha nne mahali fulani ambapo sitapataja, akarudi baada ya mwaka akakuta tatu, na kila mtu pale nyumbani akamwambia kwa adabu kubwa kwamba ya nne "ilichukuliwa na mzungu mmoja hivi." Akapewa chai. Chai nzuri, anasema, lakini haikufika bei ya picha. Ukumbi mweupe ungemkata karibu nusu ya bei, lakini angejua nusu ya nini.

Na kuna suala la urithi, ambalo ndilo baya zaidi. Watoto waliokulia kati ya turubai mara nyingi wanaichukia harufu ya tapentaini. Wanakuwa wahasibu, na siwalaumu, walimwona mama yao akihesabu sarafu. Pale Banana Hill, Shine Tani na mkewe Rahab wanaendesha jumba lao tangu miaka ya 1990, nje kabisa ya njia za wenye hela, na kila nikienda najikuta nikiwatazama vijana waliopo uani nikijiuliza ni nani kati yao atakayezishika funguo. Ni ujeuri wangu tu. Hayanihusu. Lakini nauliza.

Kwa hiyo sitetei uchafu wa hesabu. Ninachokataa ni kile kicheko. "Sebuleni." Kana kwamba kulikuwa na ukumbi mwingine uliokuwa wazi na hawa watu wakakataa kwenda. Serikali haikujenga jumba la taifa la sanaa mwaka 1965, wala 1975, wala 1985. Benki haikukopesha mtu kwa dhamana ya picha. Aliyekuwa na ukuta alikuwa na ukuta wa nyumba yake. Wakaupigilia misumari.

Na kwa sababu ilikuwa nyumba, kumbukumbu zake ziko kama kumbukumbu za nyumba: kwenye sanduku chini ya kitanda, kwenye albamu, kwenye kichwa cha mtu mwenye miaka themanini. Wapo wanaoanza kukusanya. Ile taasisi ya sanaa ya kisasa iliyoasisiwa na mchoraji Michael Armitage hapa mjini ni mojawapo, nawapongeza ingawa huwa sipendi kumpongeza mtu yeyote. Lakini mtu mmoja hawezi. Moto wa 1997 ulichukua kilichochukuliwa kwa sababu kilikuwa nakala moja, mahali pamoja. Leo kila mmoja wetu ana kamera mfukoni, na tunaitumia kupiga picha sambusa.

Nilijaribu. Mwaka jana nilienda kwa mama mmoja nje kidogo ya jiji, si katika hao niliowataja, jina lake halikuhusu. Mumewe aliuza picha kwenye nyumba yao tangu miaka ya 1970 hadi alipofariki. Nilimwomba aniruhusu nipige picha vitabu vya risiti. Akaniambia, "Mwanangu, hivyo ni vya kuwashia jiko, lakini kaa kwanza." Nikakaa. Akaleta chai, akaleta mandazi, kisha akaleta vitabu saba vilivyofungwa kwa utambi wa taa ya mafuta.

Vile vitabu vya karatasi ya kaboni, unavikumbuka? Nakala ya juu anapewa mnunuzi, ya chini inabaki, maandishi ya buluu yaliyofifia kama yameandikwa chini ya maji. Mwandiko ulikuwa wa mama, si wa mzee. Kila ukurasa: tarehe, jina la mchoraji, picha imeelezwa kwa maneno manne au matano, bei. "Wanawake kisimani, fremu nyeusi." "Ng'ombe mwekundu, kubwa." Wachoraji watatu niliowakuta humo wanatajwa leo kwenye minada na kazi zao za miaka ile zinasemekana hazijulikani zilikokwenda. Zinajulikana. Ziko chini ya kitanda cha mama, kwa kaboni.

Tulifanya kazi mpaka giza likaingia. Yeye anafungua ukurasa, mimi napiga picha, yeye ananipa hadithi ambayo risiti haikuandika: huyu alilipa kwa hundi ikarudi, huyu alikuja na mke ambaye si mkewe, huyu alilia mbele ya picha na hakununua, akawa anarudi kila Jumamosi kuitazama mpaka mzee akamchukulia kama mtu wa nyumbani. Kwenye kitabu cha nne akaniomba nimsomee jina, macho yake hayaoni tena kaboni. Nikamsomea. Ni mtu unayemjua. Ulimwona kwenye habari, jina lake liko kwenye barabara. Alichukua picha kubwa, alilipa theluthi, na chini ya ukurasa mama mwenyewe alikuwa ameandika kwa mwandiko ule ule wa upole: Salio atalipa mwisho wa mwezi.

Nikamuuliza kama alilipa.

Akachukua kitambaa akafuta makombo ya mandazi mezani, polepole, pembe hadi pembe, akakifunga kitabu.

"Mwisho wa mwezi haujafika," akasema, akafungua cha tano.